Mashine Iliyofunga Kikao cha Matwebe

Mama mkwe alipiga simu asubuhi, Tulinagwe akiwa amechuchumaa kumfunga Elina kamba za viatu vya shule.

"Umemfanya nini baba yako?"

Hakusalimu. Mama Erasto kutosalimu ni jambo kubwa. Huyu ni mtu anayewasalimu hata mafundi wa umeme wakiwa juu ya nguzo.

"Shikamoo mama. Sijamfanya kitu. Sijamwona tangu Pasaka, na hata hiyo Pasaka nilimwona mgongo tu."

"Marahaba. Jana amerudi kikaoni hajala. Ile simu ya kikundi ameiviringisha kwenye kitenge changu kipya, ameiweka juu ya kabati. Anasema umemfukuza kikaoni mbele ya watu."

"Mimi? Jana nilishinda ofisini Tukuyu."

"Ndivyo nilivyomwambia. Akasema umemfukuza kwa maandishi."

Tulinagwe akamsukuma Elina mlangoni, akamwambia asikanyage madimbwi, akarudi kwenye simu. Mama mkwe alikuwa amekwisha kata.

Katika nyumba nyingi za Rungwe siku hizi wakwe wanakula meza moja na wanataniana. Baba wa mumewe Erasto hakuyataka hayo. Alishika mila ya zamani ya Wanyakyusa: mkamwana hakutani na baba mkwe uso kwa uso, hasemi naye moja kwa moja, na jina lake halitamki. Tulinagwe akimwona kwa mbali njiani, alipinda kuingia migombani mpaka mzee apite. Wenzake wa mjini walimcheka. Yeye hakuona tabu. Mkwe asiyekuona hana la kukusema, na miaka yote ya ndoa yake walikuwa wameishi vizuri hivyo, kila mmoja akimheshimu mwenzake kwa kumkwepa.

Sasa ameambiwa amemfukuza.

Alifanya kazi kwenye ushirika wa wakulima wa parachichi. Alikuwa na diploma ya kompyuta kutoka chuo kimoja Mbeya, na mfumo wa kuandikisha wakulima aliujenga mwenyewe: katibu wa kikundi anaufungua kwenye simu, anajaza mkulima ni nani, shamba liko wapi, ana miti mingapi, na habari zinafika kwenye mashine ya ofisini. Mnunuzi alikuwa amesema wazi kwamba gari lake litapita tu kwenye vikundi ambavyo wakulima wake wamo kwenye mfumo, na mwisho wa kuandikisha ulikuwa Jumamosi hiyo. Lupepo walikuwa wamemaliza. Nkunga wamemaliza. Matwebe, ambako katibu ni baba mkwe, hawajafika nusu, na simu iko juu ya kabati ndani ya kitenge.

Njiani kwenda kazini akampigia Anyitike, mwenyekiti wa Matwebe.

"Mwenyekiti, shikamoo. Jana kulitokea nini?"

"Marahaba, Mama Elina. Ah! Jana tulicheza." Anyitike akaanza kucheka kabla ya kusimulia. "Katibu ameita watu, kazi inakwenda. Mara simu ikaandika. Na unamjua Ambindwile, kitu chochote kilichoandikwa lazima akisome kwa sauti. Akasoma: 'Kikao chako kimekwisha. Ingia tena.' Tukatazamana. Mimi nikasema, jamani, haya ni maagizo ya ushirika, tuyafuate. Nikafunga kwa sala, tukatoka nje wote, tukaingia tena, nikafungua kwa sala."

Tulinagwe akasimama katikati ya njia. Pikipiki ikampigia honi.

"Mlitoka nje?"

"Wote. Na bibi Atupele na fimbo yake. Tukakaa, kazi ikaendelea kidogo. Ikaandika tena, 'Kikao chako kimekwisha. Ingia tena.' Tukatoka. Mvua nayo imeanza. Mara ya tatu yule Yohane, unamjua mdomo wake, akasema, 'Katibu, mkamwana wako anatuchezesha kwata.' Watu wakacheka mpaka wakalala kwenye mabenchi. Mzee hakucheka. Akaifunga simu, akavaa koti, akaondoka. Na mimi nakueleza ukweli, Mama Elina: kama hataishika tena, itabidi nimpe Yohane ukatibu. Parachichi haziwezi kusubiri mtu anune."

Mzee huyo alikuwa katibu tangu enzi ambazo kikundi kilikuwa kinauza ndizi. Akivuliwa kazi kwa kuchekwa, na kicheko chenyewe kimetoka kwenye mikono ya mke wa mwanawe, basi nyumba ile isingekuwa na amani tena. Tulinagwe hakuhitaji kuambiwa.

Ofisini alimkuta Prosper, afisa masoko, anakunywa chai.

"Hao wazee wanasalimiana mno," Prosper akasema alipoelezwa. "Mtu anaulizwa habari za ng'ombe mpaka za shangazi. Muda wa mfumo unaisha, unawatoa. Simpo. Waambie wapunguze salamu."

"Nenda wewe Matwebe ukawaambie wapunguze salamu."

"Aa, mimi nina mke na watoto."

Tulinagwe akafungua kumbukumbu za mashine, akapitisha kidole kwenye kioo, akisoma kwa sauti. "Lupepo yumo. Nkunga yumo. Huyu wa Matwebe…" Hapo akaruka jina, kama alivyoliruka hata siku ya kumfungulia akaunti, akamwita Prosper aliandike yeye. "Huyu wa Matwebe hakukaa kimya. Alikuwa anabonyeza vizuri tu. Salamu hazina kosa. Tazama hapa. Mashine ilizimika, ikawaka. Ikazimika tena, ikawaka. Jana umeme ulikuwa unacheza?"

"Jana mvua, umeme ulicheza mchana kutwa. Si inverta ipo, ishike kwa betri?"

"Inachelewa kushika. Sekunde chache tu, mashine inazimika, inaanza upya."

Akaelewa papo hapo, na akajikasirikia papo hapo.

Mfumo wa kwenye mtandao haukumbuki sura ya mtu. Kila ukibonyeza kitufe, kwake wewe ni mgeni anayebisha hodi upya. Kwa hiyo ukishajitambulisha mara ya kwanza unakupa namba ndefu, simu yako inaishika kama tiketi, na mfumo nao unaweka upande wake maelezo ya tiketi hiyo: ni ya nani, na amefika wapi. Ukibisha tena, tiketi inaonyeshwa, maelezo yanatazamwa, unapokelewa. Watu wa kompyuta wanaita sesheni. Tulinagwe alipokuwa anatafsiri maneno ya mfumo alitafuta Kiswahili chake, akaona "kikao," akaandika kikao, akaenda zake kupika.

Hilo la neno lilikuwa kosa moja. La pili ni kwamba maelezo ya tiketi aliyaacha kwenye kumbukumbu ya muda ya mashine, ile inayofutika umeme ukikatika. Kiangazi, wakati anaujenga, haikuwa shida. Masika ya Rungwe ni habari nyingine. Mashine ilipowaka ilikuwa haimjui mtu yeyote. Katibu alikuja na tiketi yake halali mkononi, mashine ikamtazama kama mtu wa kuja, ikamwambia maneno yale.

"Tununue betri kubwa," Prosper akasema.

"Betri itakufa siku moja na mzee atachekwa upya. Nayahamishia maelezo ya tiketi kwenye hifadhidata. Wakulima wenyewe mbona hawapotei umeme ukikatika? Kwa sababu wameandikwa kwenye diski. Na tiketi zikae huko huko."

Akafanya kazi bila kunyanyua kichwa. Akatengeneza jedwali jipya kwenye hifadhidata: namba ya tiketi, mwenye tiketi, alichokwisha kujaza hata kama hajamaliza, na siku ya mwisho ya kutumika. Akauelekeza mfumo uandike humo kila mtu anapobonyeza, na usome humo kila mtu anapobisha. Mistari iliyopitwa na wakati akaiagiza ifutwe kila alfajiri, la sivyo jedwali lingevimba bure.

"Na katibu akiibiwa simu?" Prosper akauliza. Alikuwa ameacha chai, amesogea.

"Nafuta mstari wake mmoja. Mwizi anabaki na tiketi isiyo na mwenyewe. Zamani ningelazimika kuizima mashine nzima na kuwatoa wote. Haya, chukua simu yako, ingia, jaza mkulima wa uongo, usimalize."

Prosper akajaza. Tulinagwe akainama chini ya meza akachomoa waya ukutani.

"Mama Elina! Utaiunguza!"

"Umeme wa Tukuyu umeichomoa mara ngapi wiki hii na haijaungua?"

Akauchomeka tena. Wakasubiri mashine iamke. Prosper akabonyeza kitufe, uso umekunjamana kama anayetegemea kofi.

"Nimo," akasema. "Na mkulima wangu yupo nilipomwachia. Hajapotea hata herufi. Aisee!"

"Sasa ondoka hapo nianze kazi ngumu."

Kazi ngumu ilikuwa maneno. Akayafungua yote ambayo mfumo unamwambia mtu, akayasoma upya kama mkamwana. Akaona aibu mpaka masikioni. "Ingia." Nani anamwambia mzazi "ingia," kwa umoja, kama anaita mtoto aliyekuwa anachezea tope? Kinyakyusa chenyewe humsalimu mkubwa kwa wingi, *mugonile*, hata akiwa amesimama peke yake. Na kona ya juu kulikuwa na kitufe chekundu kimeandikwa "Toka," neno la kufukuzia mbwa jikoni. Alikuwa amemtumia baba mkwe neno hilo kila siku ya kazi, kwa rangi nyekundu.

Akafuta. Akaandika: "Karibuni." Akaandika: "Samahani, tumepotezana. Tafadhali jitambulisheni tena." Pale pa "Toka" akaweka, "Tumemaliza, asanteni."

Prosper akachungulia begani. "Hii ni kompyuta au mshenga?"

"Vyote viwili."

Jumamosi akaenda Matwebe mapema, amebeba sukari na sabuni. Anyitike alikuwa amekwisha amua: kama katibu hataki kuja kikaoni, kikao kitamfuata nyumbani kwake. Mabenchi yalikuwa yamepangwa barazani. Tulinagwe akazunguka nyuma ya nyumba, akaingia jikoni kwa mama mkwe, akashika kisu, akaanza kumenya ndizi. Ukuta wa jikoni ulikuwa wa mbao, na upande wa pili wa mbao hizo, kiti kilikwaruza sakafu. Mtu akakohoa. Mama mkwe akamkonyeza.

"Mama Erasto," sauti ya baba mkwe ikasema, "hebu muulize mgeni wako. Ile mashine bado ina hasira?"

"Anauliza…"

"Nimesikia, mama. Mwambie baba haikuwa na hasira, ilikuwa inasahau. Umeme ukikatika mjini ilikuwa inasahau watu wote, hata mimi niliyeitengeneza."

"Anasema ilikuwa inasahau."

"Inasahau, halafu inasema 'kikao *chako*'? Msahaulifu anajuaje kikao ni cha nani?"

Mama mkwe akageuka kumtazama Tulinagwe, nyusi juu. Lilikuwa swali zuri kuliko yote aliyoulizwa na Prosper.

"Mwambie ameshika penyewe. Lile neno nililichagua vibaya. Kwangu mimi kikao kilikuwa kule kuingia kwake kwenye mfumo, si kikao cha kikundi. Sikufikiria atakayelisoma. Nimeliondoa."

"Ameliondoa."

"Na lile la 'Ingia'?"

"Mwambie nimeliondoa."

"Na 'Toka'?"

"Hilo pia."

Kuku akapita. Kisha sauti ikasema, polepole, "Mwambie hilo la 'Toka' sijawahi kuligusa. Tangu nipewe ile simu. Nilikuwa naizima tu."

Tulinagwe akauma mdomo asicheke. Kisha akakumbuka kwamba watu wako njiani wanakuja, akaweka kisu chini.

"Mama, mwambie hivi. Maelezo yake sasa yameandikwa pamoja na ya wakulima, mahali ambapo umeme hauwezi kuyafuta. Naomba aishike ile simu leo. Ikimwaibisha tena, nitaandika barua kwamba kosa lote ni langu, mwenyekiti aisome mbele ya watu wale wale waliocheka, na Yohane apewe nafasi ya kwanza kucheka."

Mama mkwe hakurudia. Hakukuwa na haja. Kiti kikakwaruza, hatua zikaenda ndani, na baadaye wakasikia mlango wa kabati, na mama mkwe akanong'ona, "Kitenge changu kimepona."

Watu wakaja na miavuli, na mvua ikaja nao. Anyitike akafungua kwa sala fupi, akaongeza, "Na leo tukiambiwa tutoke, hatutoki. Inanyesha." Wakacheka. Tulinagwe, nyuma ya mbao, akasikia sauti ya baba mkwe ikisoma: "'Karibuni.' Heee. Leo imekwenda shule." Wakacheka tena, ila kicheko hiki kilikuwa cha upande wake.

Kazi ikaanza. Mmoja mmoja aliitwa, akasalimiwa, akaulizwa. Mke wa Yohane akaandikwa. Yohane mwenyewe akaandikwa, akaambiwa anataja miti mingi kuliko aliyopanda. Sufuria likawa linatokota. Ndipo simu ya Tulinagwe ikatetemeka mfukoni mwa aproni. Prosper, kutoka ofisini: *Umeme umekata. Inverta imechelewa. Mashine imezima, ndiyo inawaka.*

Akaacha kumenya, akasogeza sikio kwenye mbao.

"Bibi Atupele," baba mkwe akaita huko nje, na fimbo ikagonga sakafu ya baraza. "Mugonile, bibi."

Ikaanza salamu. Habari za nyumbani, habari za magoti, habari za yule mjukuu wa Dar es Salaam, amepata kazi au bado anatafuta, na ng'ombe aliyezaa, ndama ni jike au dume. Bibi Atupele hakuwa mtu wa kujibu kwa neno moja. Tulinagwe, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kuingia kwenye jambo moja kwa moja, akawa anaomba moyoni ndama yule awe na habari ndefu.

"Mbona umeacha kumenya?" mama mkwe akauliza.

"Nasikiliza."

"Haya bibi," baba mkwe akasema. "Tulikuwa tumekwisha kuandika jina na kitongoji chako kabla hujakaa. Bado miti. Mingapi imezaa?"

"Yote, tata. Isipokuwa ule wa karibu na choo. Ule mvivu."

"Basi naandika hiyo yote bila mvivu." Kimya kikafuata. Kilikuwa kimya cha mzee anayetafuta kitufe kwa kidole kinene, lakini nyuma ya mbao kilikuwa kirefu kupita kiasi.

"Katibu, vipi?" sauti ya Yohane. "Tujipange kwata?"

"Wewe nyamaza. Naandika." Kisha, kwa sauti ile ile ya siku zote, "Imepokea. Anayefuata!"

Tulinagwe akakaa kwenye kigoda. Mjini, kwenye chumba kidogo cha ofisi, mashine iliyoamka bila kukumbuka chochote ilikuwa imeonyeshwa tiketi, ikaenda kutazama kwenye jedwali, ikakuta mstari wenye jina ambalo yeye halitaji, ikakuta na bibi Atupele aliyeandikwa nusu, ikafungua mlango. Barazani hakuna aliyejua. Anayefuata alikuwa tayari anasalimiwa.

Walimaliza mchana, Matwebe nzima. Anyitike akafunga kwa sala ndefu iliyomshukuru Mungu kwa mvua, kwa parachichi, kwa gari la mnunuzi litakalopita salama pale kwenye daraja bovu, na kwa katibu wao. Watu wakaitika amina kwa nguvu. Yohane alipita kumpa mzee mkono, akasema maneno fulani ya chini chini ambayo jikoni hayakusikika, na mzee akamjibu, "Nenda kapalilie, wewe." Kwa sauti yake ilikuwa wazi kwamba yamekwisha.

Mama mkwe akapeleka sahani barazani, akarudi. Wakakaa kula, wawili jikoni, mmoja upande wa pili wa mbao.

"Mama Erasto."

"Abee."

"Mwambie mkamwana wangu, ndaga, nashukuru. Lakini mwambie pia mashine yake haijalelewa vizuri bado. Inauliza jina kwanza. Nani hapa anaanza kuulizwa jina? Mtu anaulizwa kwanza ametoka wapi na wa nyumba gani."

Tulinagwe akameza tonge. "Mwambie baba jina lazima lije kwanza. Gari la mnunuzi linatafuta jina, halitafuti nyumba."

"Anasema haiwezekani."

"Haiwezekani au hataki?"

"Mwambie sitaki," Tulinagwe akasema.

Mama mkwe akabaki mdomo wazi, kijiko hewani. Upande wa pili kijiko kikagonga sahani. Kisha mzee akacheka, kicheko kinene, cha polepole, ambacho Tulinagwe hakuwahi kukisikia tangu aolewe; hata alidhani mwanzoni ni kikohozi.

"Mwambie basi nimemwachia hilo. Ila kitongoji kiwe cha pili, kisiwe cha sita huko chini."

"Hicho nitakipandisha."

"Na maandishi yawe makubwa."

"Leo hii," akasema Tulinagwe, akajifuta mikono, akatoa simu na kuanza. Mama mkwe akamwongezea ndizi kwenye sahani bila kumuuliza.